Siwezi, sijui, imenishinda: maneno ya kushindwa katika Kilatvia

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nina miezi saba hapa Riga, nafanya kazi jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee. Kilatvia najifunza kupitia Kiingereza kwa sababu kamusi ya Kiswahili na Kilatvia sijaipata. Kila nikitafuta 'can't' naletewa 'nevaru'. Juzi nilimwambia msimamizi wangu 'es nevaru vārīt putru', nikikusudia kwamba sijui kupika uji wao. Akanishika mikono na kuikagua, akidhani nimeungua. Je, Kilatvia kina njia ngapi za kusema siwezi, na nitajuaje ipi ni ipi? Halafu nisaidie ujumbe wa kumwandikia: jana sikufika kazini, sikuwahi basi, nilipiga simu sikumpata, na Jumamosi sitaweza kuja."

Jibu: Marahaba, dada. Msimamizi wako alikuelewa vizuri sana, na alichokifanya kinaonyesha kwamba anakujali. Ulimwambia "nevaru", naye akatafuta kinachokuzuia. Kitenzi "varēt" ndicho kuweza kwa jumla: hali inaruhusu, mwili unaruhusu, nafasi ipo. Ukikikanusha na kusema "nevaru vārīt putru", Mlatvia anaanza kujiuliza nini kimetokea. Mkono unauma? Jiko limeharibika? Wewe ulitaka kusema kwamba hujafundishwa kuupika, na kwa hilo wana vitenzi vingine kabisa, "mācēt" na "prast". Ungesema "es nemāku vārīt putru", angekusogeza kwenye sufuria akuonyeshe.

Sasa, kabla sijaingia ndani, nikupe shauri ambalo naliamini kwa moyo wote. Acha kupitia Kiingereza. Kiingereza kimekusanya mambo mengi katika neno moja: ujuzi, nguvu, ruhusa, nafasi, muda, hata uvivu. Kiswahili chako kimeyatenganisha, na kimeyatenganisha karibu kama Kilatvia. Sisi hatusemi "siwezi kuogelea" tukikusudia kwamba hatukujifunza. Tunasema "sijui kuogelea". Mlatvia naye anasema "es nemāku peldēt" au "es neprotu peldēt". Lugha hizi hazina undugu wowote, Kilatvia ni lugha ya Kibaltiki na ndugu yake aliye hai ni Kilituanya, lakini katika jambo hili zinasikilizana kuliko vile kila moja inavyosikilizana na Kiingereza. Kwa hiyo ukikwama, jiulize kwanza: nyumbani ningesemaje? Jibu la Kiswahili ndilo litakaloonyesha mlango.

Tuanze na sijui, maana ndipo ulipojikwaa. "Mācēt" na "prast" zote ni kujua kufanya. Mimi māku, wewe māki, yeye māk. Mimi protu, wewe proti, yeye prot. Tofauti yao ni ndogo na Walatvia wenyewe huzibadilishana. "Mācēt" imefungamana na kujifunza: "mācīties" ni kujifunza, na "māksla", sanaa, imetoka ukoo huohuo. "Prast" imefungamana na akili: "prāts" ni akili, na "saprast" ni kuelewa. Jikoni utasikia zaidi "nemāku". Ukiandika barua ya kuomba kazi, "protu" inakaa vizuri, hasa kwa lugha: "protu svahili valodu", najua Kiswahili.

Lakini hapa Kiswahili nacho kina mtego, na lazima nikuonye. Kujua kwetu ni kumoja: najua jina lake, najua kupika. Kilatvia kimekata katikati. Kujua habari ni "zināt", na "nezinu" maana yake sina habari hiyo. Usiseme "es nezinu vārīt". Kila kujua kwetu kunakofuatwa na kitenzi, kujua kuogelea, kujua kushona, kujua kuendesha, Kilatvia hukipeleka kwa "mācēt" au "prast".

Ukimwuliza mpita njia mahali fulani naye asipajue, huenda akakujibu "nemācēšu teikt". Neno kwa neno ni kama "sitajua kusema". Kiko katika wakati ujao ingawa anazungumzia sasa hivi, na huo ndio upole wake. Lishike hilo. Mzee wa pale kazini akikuuliza mwanawe anakuja saa ngapi na huna habari, "nemācēšu teikt" ni jibu laini kuliko "nezinu", ambalo likisemwa peke yake huwa kavu.

Tuje kwenye nguvu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ya kazi unayoifanya. Kuna kitenzi "spēt", ambacho kimezaliwa pamoja na "spēks", nguvu. Kukikanusha ni kusema uwezo wenyewe haupo, hata nia ikiwepo. "Viņa nespēj piecelties": hawezi kuinuka, miguu haimbebi. Mtu angeweza pia kusema "viņa nevar piecelties" na asikosee. Ndiyo lugha ya kila siku. "Nespēj" ni nzito zaidi, inasikika katika ripoti na kwenye mazungumzo mazito. Ndiyo inayofaa pia kwa moyo ulioelemewa: "nespēju tam noticēt", siamini, akili inagoma. Ukiiona kwenye maandishi angalia silabi ya mwisho, maana kwa "mimi" umbo la sasa na la jana ni lilelile, "nespēju", lakini kwa "yeye" sasa ni "nespēj" na jana ni "nespēja". Na hiyo "nespēja" ikisimama peke yake kama jina, ndiyo kutoweza kwenyewe.

Kutokana na jina hilo Walatvia wameunda maneno ambayo utakutana nayo upende usipende. Ukiugua, daktari atafungua "darbnespējas lapa". Lipasue: "darbs" ni kazi, "ne" ni kanushi, "spēja" ni uwezo, "lapa" ni karatasi. Hati ya kutoweza kazi. Tazama jinsi kanushi lilivyobanwa katikati ya neno. Ukilikosa, unabaki na "darbspēja", uwezo wa kufanya kazi, yaani kinyume chake. Vivyo hivyo "maksātnespēja" ni kushindwa kulipa madeni, kufilisika kwa maana ya kisheria, na "rīcībnespējīgs" ni mtu ambaye sheria imesema hana uwezo wa kujiamulia mambo. Kamusi ya Kiingereza itakupa kwa kila moja neno tofauti lisilofanana na jingine, na hutaona kwamba ni ndugu. Ukiujua mzizi "spē", unazisoma zote.

Na kuna "nevarīgs", ambalo huenda umeshalisikia kwa wauguzi. Ni "varēt" iliyokanushwa na kufanywa sifa: mtu asiyejiweza, dhaifu, mgonjwa aliyelegea. Niliposikia neno hili mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yangu. Kwa watu wa pwani wa zamani, mtu akisema "siwezi" bila kuongeza kitu, alimaanisha anaumwa. "Bwana hawezi leo" maana yake yuko kitandani. Kumbe na huku kaskazini ugonjwa na kutoweza vimelala kitanda kimoja.

Ukiwazungumzia wazee wenyewe, chagua maneno kwa heshima. Asiyeona ni "neredzīgs", asiyesikia ni "nedzirdīgs". Yapo pia "akls" na "kurls", ya zamani na mafupi, ambayo kumwita nayo mtu huumiza, kama vile sisi tunavyoona tofauti kati ya "kipofu" na "asiyeona". Chama cha wasioona cha huko kinaitwa Latvijas Neredzīgo biedrība, kwa hiyo neno hilo wamelichagua wenyewe. Kuhusu ulemavu, sema "cilvēks ar invaliditāti", mtu mwenye ulemavu, usimwite mtu "invalīds".

Ruhusa ni mlango mwingine, na hapa Waswahili wengi hukosea. Sisi husema "huwezi kuingia humu" tukikusudia marufuku. Kilatvia kinataka "drīkstēt", kuruhusiwa: "te nedrīkst ienākt". Ukisema "te nevar ienākt", mtu anaweza kudhani mlango umekwama. Kwa mzee mwenye kisukari anayeomba keki, neno sahihi ni "jūs nedrīkstat", huruhusiwi. Ungesema "jūs nevarat", angeweza kukuuliza kwa nini asiweze, na meno anayo. Kutoka mzizi huohuo kuna "uzdrīkstēties", kuthubutu, na "neuzdrīkstos" ni sithubutu.

Usichanganye marufuku na kutolazimika. Kulazimika kwa Kilatvia huanza na "jā": "man jāiet", inanipasa kwenda. Kanusho lake, "man nav jāiet", ni "si lazima niende", wala si "nisiende". Katika kazi ya dawa na chakula tofauti hii ni kubwa sana. "Viņam nav jāēd" ni "si lazima ale". "Viņš nedrīkst ēst" ni "haruhusiwi kula". Ukiandikiwa moja kati ya hizo kwenye daftari la zamu, soma mara mbili.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, kule ambako anayeshindwa si mtendaji. Kiswahili kina uzuri wa kusema "kazi imenishinda", "usingizi hauji", "naona uvivu". Jambo ndilo linalotenda, mimi nimekaa pembeni. Kiingereza humrudisha mtu mbele: mimi siwezi, mimi nimeshindwa. Kilatvia kinakaa upande wetu. Mtu huwekwa katika umbo la kupewa, "man", kwangu, na jambo linatendeka au halitendeki lenyewe. "Man neizdevās", haikufaulu kwangu. "Man nesanāk", hainiendei, haitokei. "Miegs nenāk", usingizi hauji, na hapo Kiswahili na Kilatvia vimesema neno kwa neno. "Man slinkums celties", naona uvivu kuamka. "Man trūkst vārdu", maneno yamenipungukia. Hizi ndizo sentensi zitakazofanya wazee wakusikilize kwa furaha, kwa sababu zina ladha ya nyumbani kwao.

Kati ya hizo, "nesanāk" ndiyo utakayoitumia kila wiki. Mtu akikualika na nafasi huna, usiseme "es nevaru" na kukata hapo. Sema "diemžēl man nesanāks", kwa bahati mbaya haitawezekana kwangu. Hujamkataa mtu, mambo ndiyo yamekataa. Mswahili aliyelelewa vizuri anaielewa adabu hii bila kufundishwa. Tena angalia wakati: Mwingereza akikataa mwaliko wa kesho husema kwa wakati uliopo, lakini Mlatvia husema kwa wakati ujao, "nesanāks", "nevarēšu", kama sisi tunavyosema "sitaweza".

Wakati unanikumbusha "couldn't" ya Kiingereza, ambayo ni mbili ndani ya moja. Ukiwa unasimulia jana, ni "nevarēju", sikuweza. Ukiwa unawazia, ni "nevarētu", nisingeweza. Hapa tena Kiswahili kimekuchagulia. Umbo hilo la pili ndilo la adabu katika maombi: "vai jūs nevarētu man palīdzēt?", je, hungeweza kunisaidia? Usiliogope kanushi ndani yake, linapunguza makali ya ombi.

Kwa muda kuna "paspēt", kuwahi. Sikuwahi basi: "nepaspēju uz autobusu". Sikuwahi kumaliza: "nepaspēju pabeigt". Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kazi hii, sisi tunacho, wao wanacho. Unaona ndani yake "spēt" ileile? Kuwahi ni uwezo uliofika kwa wakati.

Fedha nitapita haraka. Kushindwa gharama ni "nevaru atļauties", kwa maana ya kwamba siwezi kujiruhusu, au kwa lugha ya sokoni "man nav pa kabatai", si ya mfuko wangu. Jambo gumu kupita uwezo ni "nav pa spēkam", si la nguvu zangu, au "nav pa zobam", si la jino langu. Hiyo ya jino isemee rafiki, usimwandikie ofisa.

Kisha kuna mahali ambapo neno la kuweza halihitajiki kabisa, na Kiingereza kinalichomeka bure. Simu ikikatakata, Mwingereza husema hawezi kukusikia. Wewe ungesema "sikusikii", na Mlatvia anasema "es jūs nedzirdu". Sioni ni "neredzu", sikumbuki ni "neatceros", sielewi ni "nesaprotu". Ukiongeza "nevaru" hukuvunja sheria, lakini unaonyesha juhudi: nimejaribu kukumbuka, haiji. Kwa daktari juhudi hiyo ina maana. "Nevaru aizmigt", nalala chini lakini sipati usingizi. "Nevaru paelpot", pumzi hazipandi, na ukisikia hilo kwa mzee yeyote, piga 113, ndiyo namba ya gari la wagonjwa.

Misemo ya Kiingereza iliyoganda usiifasiri kipande kwa kipande. Anayesema kwa Kiingereza kwamba hawezi kusubiri ana furaha tele, na Kilatvia chake ni "nevaru vien sagaidīt". Hiyo "vien" ndogo ndiyo inayobeba shauku, usiiache. Kumchukia mtu hata kumwona hutaki ni "nevaru viņu ciest", siwezi kumvumilia. Mshangao wetu wa "haiwezekani!" ni "nevar būt!". Lakini haiwezekani ya kweli, ile ya ofisini, ni "tas nav iespējams". Na pale panapobaki kukubali tu, sisi tunasema "tutafanyaje", wao wanasema "neko darīt". Kipo pia kikanushi kinachojigeuza: "nevaru nepiekrist", siwezi kutokubali, yaani nakubali kabisa. Kinafaa sana mkutanoni.

Nikuachie umbo moja zaidi ambalo Kiswahili kitakufungulia kama ufunguo wa nyumba yako. Tuna kauli ya kutendeka yenye "-ika" na "-eka": mwandiko usiosomeka, siku isiyosahaulika, supu isiyolika. Mzigo wa kutoweza umetoka kwa mtu ukahamia kwenye kitu. Kilatvia hufanya hivyohivyo kwa kiishio "-ams" au "-āms": "nesalasāms rokraksts", "neaizmirstama diena", "neēdama zupa". Haionekani ni "nav redzams", haisikiki ni "nav dzirdams", haieleweki ni "nav saprotams". Jitahidi tu kulinganisha na jinsi ya jina, kiume "-ams", kike "-ama", kama unavyolinganisha ngeli. Ukijizoeza kugeuza "-ika" kuwa "-ams", utapata sifa nyingi ndani ya mwezi mmoja, na hakuna kitabu cha Kiingereza kitakachokuonyesha njia hiyo.

Mambo mawili ya sarufi ambayo Kiswahili hakitakusaidia. La kwanza, nafsi ya tatu ni moja kwa umoja na wingi: "var" ni anaweza na wanaweza, kwa hiyo taja "viņš", "viņa" au "viņi" pale panapotatiza. La pili, baada ya "nav" kinachokosekana hubadilika umbo: muda ni "laiks", lakini sina muda ni "man nav laika", nguvu ni "spēks", lakini sina nguvu ni "man nav spēka". Na unapotamka, mkazo mara nyingi uko silabi ya kwanza, wakati sisi tunauweka ya pili kutoka mwisho. Useme NEvaru, usiseme nevAru. Kwa kuwa "ne" ndiyo inayogongwa kwa nguvu, msikilizaji analipata kanusho mapema; wewe ukiipitia kwa haraka, anaweza kusikia kwamba unaweza.

Ujumbe wako huu hapa. Nimeuandika kwa "jūs" ya heshima, kwani ni msimamizi:

"Labdien! Atvainojiet, vakar nevarēju atnākt uz darbu. Nepaspēju uz autobusu, un man neizdevās jūs sazvanīt. Diemžēl sestdien man nesanāks atnākt. Vai es nevarētu strādāt svētdien?"

Yaani: habari za mchana, samahani, jana sikuweza kuja kazini, sikuwahi basi, na nilijaribu kukupigia sikukupata, kwa bahati mbaya Jumamosi haitawezekana, je, nisingeweza kufanya kazi Jumapili? Sentensi hiyo ya mwisho nimeiongeza mimi. Kama Jumapili unakwenda kanisani, ifute. Na kuhusu uji, asubuhi ukifika mwambie: "Es nemāku vārīt putru. Vai jūs man parādītu?" Anayekukagua mikono kwa wasiwasi hatakataa kukuonyesha.